Chupa ya soda ya kioo haifiki baharini, ya plastiki inafika: tujadili sababu

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Nimeleta mada hii kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu taka za plastiki mitoni na baharini huanzia karibu kila mara ufukweni, siku ya usafi, watu wakiwa wamevaa fulana za rangi moja na kushika mifuko ya kuokotea taka. Sina ubaya na kazi hiyo, na wanaoifanya wanastahili shukrani zetu. Hoja yangu ni kwamba taka ikishafika ufukweni mambo yameshaharibika, na kwamba swali la kujadili ni kwa nini kitu fulani kinafika mtoni na kingine, kilichonunuliwa duka lile lile na mtu yule yule, hakifiki.

Nianze na Mto Msimbazi, ambao wengi wanaufahamu kwa mafuriko ya Jangwani. Mto huu unatoka upande wa vilima vya Pugu, unakatiza mitaa yenye watu wengi ya Dar es Salaam, kisha unaingia baharini karibu na Daraja la Salenda, penye mikoko. Masika yakishakatika na maji yakapungua, nenda ukaitazame mizizi ya mikoko ile inayochomoza kutoka kwenye tope. Imevikwa plastiki laini: vipande vya mifuko, vifungashio vya karanga na ubuyu, pakiti za biskuti, mirija, ndala zilizokatika mikanda. Ukivuta kipande kimoja kinatoka na tope jeusi pamoja na vingine kadhaa vilivyofungamana nacho. Chupa za maji zipo pia, lakini pale ambapo mtu anaweza kufika kwa miguu huwa chache kuliko unavyotarajia, kwa kuwa vijana waokota makopo wamekwishapita wakazijaza kwenye viroba ili wakaziuze kwa kilo. Mfuko na pakiti havina mnunuzi, kwa hiyo vinabaki pale pale mpaka mvua nyingine ivisukume baharini. Chupa ya soda ya kioo ni nadra mno kuiona.

Kila aliyekulia Afrika Mashariki anajua kwa nini. Ukitaka kuondoka na soda dukani, unapeleka chupa tupu au unaacha hela ya chupa. Mwenye duka naye anadaiwa kreti na wakala, na wakala anadaiwa na kiwanda. Katika mnyororo wote huo hakuna mtu asiyepoteza fedha chupa ikipotea, na ndiyo maana mtoto anayetumwa dukani huambiwa aishike vizuri asiivunje. Utaratibu huu haukuhitaji semina ya uhamasishaji wala bango la kukataza kutupa taka. Kisha ikaja chupa ya plastiki, na kiwanda kikaondokewa na gharama ya kurudisha chupa, kuiosha na kuisafirisha mara ya pili. Gharama ile haikutoweka, bali ilihamishiwa kwa halmashauri inayozibua mitaro, kwa familia ya Jangwani inayotoa maji ndani ya nyumba, na kwa mvuvi anayepandisha nyavu zikiwa zimejaa mifuko.

Ukubwa wa jambo lenyewe unafahamika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba tangu plastiki ianze kutengenezwa kwa wingi hadi mwaka 2015, dunia ilikuwa imezalisha tani bilioni 8.3, na kati ya hizo tani bilioni 6.3 zilikuwa zimeshageuka taka. Katika taka hizo, asilimia 9 tu ndizo zilizorejelezwa na asilimia 12 zilichomwa, na zilizobaki, asilimia 79, ziko madampo au zimetapakaa ardhini na majini. Utafiti mwingine, wa mwaka 2015, ulikadiria kwamba katika mwaka mmoja wa 2010 ziliingia baharini kati ya tani milioni 4.8 na milioni 12.7 kutoka nchi zenye pwani. Pengo kati ya namba hizo mbili ni kubwa, nami naona ni uungwana kulitaja, kwa maana hakuna mizani iliyowekwa mdomoni mwa kila mto. Hata ile namba ndogo inatosha kututia wasiwasi.

Kwa miaka kadhaa tulikuwa tukiambiwa kwamba plastiki inayobebwa na mito hutoka karibu yote katika mito kumi mikubwa, mingi ikiwa ya Asia. Uchambuzi wa mwaka 2021 ulionyesha picha tofauti, kwamba mito zaidi ya 1,000 ndiyo inayobeba takribani asilimia 80 ya mzigo huo, na kwamba mito midogo inayopita katikati ya miji yenye watu wengi ina mchango mkubwa kuliko ilivyodhaniwa. Uliotajwa wa kwanza ni Pasig, unaokatiza Manila nchini Ufilipino, nao ni mto mfupi tu. Habari hii inatuhusu moja kwa moja, kwa sababu miji yetu imejaa mito ya aina hiyo: si mirefu, haina jina kubwa, lakini mvua ikinyesha saa mbili inashusha kila kilichokuwa kwenye mitaro na mabondeni.

Wala umbali na bahari si kinga. Mto Nairobi unapita kando ya dampo la Dandora, unaungana na Athi, Athi unateremka na kuitwa Galana, kisha Sabaki, na Sabaki unaingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Kinachotupwa mtaani Nairobi, mamia ya kilomita kutoka pwani, kina njia ya maji iliyonyooka hadi kwa wavuvi wa Mambrui.

Mahali ambapo jambo hili limejionyesha waziwazi kuliko pengine popote katika ukanda wetu ni Bukavu. Mji umejengwa juu ya vilima vinavyoshuka hadi Ziwa Kivu, nyumba zimebanana, na sehemu nyingi gari la taka haliwezi kupita hata kama lingekuwapo. Taka hutupwa kwenye makorongo, mvua huzishusha ziwani, na maji ya ziwa huzivuta polepole kuelekea mahali pekee yanapotokea, yaani Mto Ruzizi. Pale ndipo lilipo bwawa la umeme la Ruzizi ya Kwanza, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Zulia la chupa, madumu na mifuko hukusanyika mbele ya mitambo. Wafanyakazi huzichota kwa boti na zana za mikono, na wapiga mbizi hushuka kuondoa zilizozama. Zinazopenya zinakwamisha mashine, na umeme unakatika. Mtu aliyetupa mfuko korongoni asubuhi anaweza kabisa kukaa gizani jioni kwa sababu yake, na gharama haiishii kwake, kwa kuwa maji hayo hayo huendesha pia Ruzizi ya Pili, inayogawana umeme kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Kinachopita hapo kinaendelea hadi Ziwa Tanganyika.

Msije mkadhani ni ugonjwa wa nchi maskini peke yake. Huko Ulaya, katika mji wa Višegrad nchini Bosnia, kila majira ya baridi Mto Drina hufunikwa na kisiwa cha takataka kinachozuiwa na kizuizi kilicho juu ya bwawa la umeme. Taka hizo hutoka Bosnia yenyewe, Serbia na Montenegro, kwa njia ya Drina na matawi yake, kutoka madampo yasiyo rasmi yaliyo kingoni mwa mito. Nchi tatu zinajua tatizo, nchi tatu zimekutana kulizungumza, na msimu unaofuata kisiwa kinarudi. Kisa kinachofanana na hicho kipo Amerika ya Kati: Mto Motagua unakusanya taka za Jiji la Guatemala na miji mingine njiani, halafu unazimwaga karibu na mpaka, zikaishia kwenye fukwe za Omoa, Honduras. Watu wa Omoa wamelalamika kwa miaka mingi. Aliye chini ya mto hana namna ya kumlazimisha aliye juu, na hili tutalirudia.

Sasa niseme kuhusu sheria, kwa sababu wapo wanaoamini kwamba hakuna kinachowezekana. Kinawezekana. Bangladesh ilipiga marufuku mifuko myembamba ya plastiki mwaka 2002, ya kwanza duniani kufanya hivyo kitaifa, baada ya mifuko kuziba mitaro ya Dhaka na kuzidisha madhara ya mafuriko, ingawa baadaye usimamizi ulilegea na mifuko ikarudi sokoni. Rwanda ilifuata mwaka 2008 na haikulegea, na msafiri anayeshuka Kigali bado anaweza kunyang'anywa mfuko wake pale pale uwanjani. Zanzibar ilipiga marufuku mwaka 2006. Kenya ilianza tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu inayofika hadi faini ya shilingi milioni nne au kifungo cha miaka minne. Tanzania Bara ilianza tarehe 1 Juni 2019. Uganda ilitangaza mwaka 2009, lakini kaveera, kama wanavyouita huko mfuko wa plastiki, iko sokoni mpaka leo.

Tofauti kati ya waliofanikiwa na walioshindwa haikuwa tabia ya wananchi, kwani Mnyarwanda na Mganda hawatofautiani kiasi hicho. Tofauti ilikuwa kama serikali iligusa kiwanda na mwingizaji wa mzigo au ilimwachia muuza nyanya alaumiwe. Hata pale tulipofanikiwa tuliacha mlango wazi. Kwetu Tanzania, mfuko wa rambo ulipoondoka, vifungashio vyepesi visivyo na mishikio vilishika nafasi yake sokoni, kikiwekwa humo kila kitu kuanzia dagaa hadi mkaa, ikabidi mwaka 2021 serikali itoe tamko la kukataza vitumike kama mifuko ya kubebea. Chupa ya maji haikuguswa na sheria ile, wala pakiti ya biskuti.

Ninachopendekeza tukijadili ni hiki: chupa ya plastiki irudishiwe hela ya chupa. Ujerumani iliweka utaratibu huo kwa chupa na makopo ya kutumika mara moja mwaka 2003, senti 25 za yuro kila kimoja. Norway inao pia, na katika nchi zote mbili zaidi ya asilimia 90 ya chupa hurudishwa. Atakayesema hayo ni ya Wazungu wenye mashine za kupokelea chupa madukani, nitamjibu kwa Ekuado, ambayo tangu mwaka 2012 inatoza senti mbili za dola kwa kila chupa ya plastiki ya kinywaji, na fedha hiyo hurejeshwa kwa anayeipeleka chupa kituoni, wakiwamo waokota taka wa mitaani. Sisi hatuhitaji hata mfano wa Ekuado. Mawakala tunao, kreti tunazo, malori yanayopeleka soda na kurudi na chupa tupu yako barabarani leo hii.

Karibuni tujadili.

Nyongeza ya kwanza: kwa ndugu aliyesema tatizo ni uchafu wa wananchi

Nimesoma mchango wako kwa makini, na sikatai kwamba kuna mtu anayetupa chupa dirishani mwa basi huku akitazama pipa la taka. Lakini mtu huyo huyo akinywa soda ya kioo gengeni, hairushi barabarani. Anaiweka mezani au anaikabidhi kwa mwenye genge, na akikosea akaondoka nayo ataitwa kwa sauti. Kama tabia ndiyo mzizi, ingepaswa kuonekana katika chupa zote mbili. Isitoshe, mitaa mingi ya miji yetu haina huduma ya kuzoa taka inayofika kwa uhakika. Familia iliyo bondeni Vingunguti ina njia tatu tu: kuchoma uani na kuvuta moshi, kufukia mahali pasipo nafasi, au kumwaga mtoni usiku mvua ikinyesha. Kumhubiria mtu wa namna hiyo bila kumpa njia ya nne ni kumwonea.

Nyongeza ya pili: kwa dada aliyeuliza kama taka za fukwe zetu ni zetu au zimeletwa na bahari

Jibu ni zote mbili, na inategemea umesimama wapi. Fukwe zilizo karibu na miji zinapokea zaidi taka za miji hiyo. Fukwe za mbali, zisizo na watu, zinaeleza kisa kingine. Mfano ulio wazi ni Aldabra, kisiwa cha matumbawe cha Shelisheli kilicho katika orodha ya urithi wa dunia, ambacho hakina wakazi isipokuwa watumishi wachache wa hifadhi na utafiti. Mwaka 2019 timu ya kujitolea ilikusanya huko tani 25 za taka, kisha watafiti wakakadiria kwamba zilizobaki zilikuwa takribani tani 513. Kwa uzito, asilimia 83 zilikuwa zana za uvuvi, yaani kamba, nyavu na maboya. Ndala nazo zilikuwa nyingi sana. Hakuna mtu wa Aldabra aliyevaa ndala zile.

Wazee wa pwani hawatashangaa. Mkondo mkubwa wa bahari unaovuka kutoka mashariki kwenda magharibi, kutoka upande wa Indonesia, hufika kwetu kwenye pwani ya Afrika na kugeuka kaskazini, na kusi ikivuma unasukuma kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana Kiunga na Lamu, mahali penye watu wachache, hupokea chupa na ndala zenye maandishi ambayo hakuna anayeyasoma. Kutoka ndala na plastiki hizo ndipo mafundi wa Lamu walipounda jahazi la Flipflopi, lililoshushwa majini mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwanzoni mwa mwaka 2019. Ni kazi ya ufundi wa hali ya juu na ninaiheshimu. Hata hivyo, jahazi moja lilitumia takribani tani kumi. Ilinganishwe na Aldabra, kisiwa kimoja tu.

Na kuna taka zinazoingia baharini bila kupita mkononi mwa mnunuzi yeyote. Mwezi Mei 2021 meli ya X-Press Pearl iliwaka moto nje ya Colombo, Sri Lanka, kisha ikazama mwezi uliofuata, ikiwa imemwaga takribani tani 1,680 za chembe za plastiki, zile punje ndogo kama dengu ambazo viwanda huyeyusha kutengenezea bidhaa. Fukwe zilifunikwa, wavuvi walizuiwa kuingia baharini, na kuchekecha punje hizo kutoka kwenye mchanga ni kazi isiyokwisha. Katika kisa kama hicho mahubiri kuhusu tabia ya mwananchi hayana mahali pa kushika.

Nyongeza ya tatu: kuhusu samaki

Imeulizwa kama kuna ushahidi wa plastiki katika samaki wetu. Upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliochunguza sangara na sato walionunuliwa Mwanza, ulithibitisha plastiki katika utumbo wa samaki mmoja kati ya watano wa kila aina. Tuwe waangalifu hapa: ilikutwa utumboni, na sangara hutolewa utumbo kabla ya kupikwa, kwa hiyo utafiti ule peke yake hauthibitishi kwamba mlaji amedhurika. Wasiwasi wangu mkubwa zaidi uko kwa dagaa, ambaye tunamla mzima, kichwa na tumbo, na ambaye ndiye kitoweo cha kaya nyingi zaidi kuliko sangara. Hilo linastahili kuchunguzwa na vyuo vyetu wenyewe badala ya kusubiri.

Nyongeza ya nne: kuhusu mkataba wa kimataifa

Mchangiaji ameandika kwamba Umoja wa Mataifa unalishughulikia, tuache. Mchakato ulianzia hapa hapa kwetu Afrika Mashariki, jijini Nairobi, tarehe 2 Machi 2022, nchi zilipokubaliana kuandaa mkataba wenye nguvu ya kisheria kabla ya mwisho wa mwaka 2024. Vikao vilifanyika Uruguay, Paris, Nairobi, Ottawa na Busan, na kile cha Geneva cha Agosti 2025 nacho kilimalizika bila makubaliano. Mgogoro hauko katika usafi wa fukwe, kwa sababu hilo hakuna anayelipinga. Uko katika kama mkataba uweke ukomo wa uzalishaji wa plastiki mpya. Rwanda na Norway zinaongoza kundi la nchi zinazotaka mkataba uguse uzalishaji, na nchi zenye uchumi wa mafuta na gesi, Saudi Arabia na Urusi zikiwa miongoni mwao, zinataka uishie kwenye usimamizi wa taka. Ni mabishano yale yale ya Omoa na Višegrad, aliye chini ya mto akimwomba aliye juu afunge bomba. Ninajivunia kwamba sauti ya upande wetu ilitoka Kigali, na ningependa kusikia Dodoma na Nairobi zikizungumza kwa uzito huo huo.

Nyongeza ya tano: kuhusu waokota makopo

Hoja kwamba hela ya chupa itawanyang'anya vijana hawa riziki ni nzito, lakini naiona kinyume. Leo wanauza kwa kilo, kwa bei anayopanga mnunuzi, na bei ya plastiki mpya ikishuka wao ndio wa kwanza kuumia kwa sababu kiwanda kinaacha kununua chakavu. Chupa ikiwa na thamani iliyopangwa kisheria, anayeiokota anajua atapata kiasi gani kabla hajainama. Ajira inayohitaji kulindwa ni hiyo. Kitakachohitaji uangalifu ni vituo vya kupokelea visigeuzwe kuwa mali ya wakubwa wachache, na kijana asiye na kitambulisho wala akaunti ya benki aweze kulipwa papo hapo, taslimu au kwa simu.

Naomba sasa wachangiaji walio Malindi, Mwanza, Bukavu na Bujumbura watueleze jambo moja mahususi: katika mtaa wako, chupa ya soda ya kioo bado inadaiwa dukani, na kama imetoweka, iliondoka lini na nini kilichukua nafasi yake? Mwenye picha za mitaro kabla na baada ya masika aziweke pia, akitaja mtaa na mwezi.